Nani Ashike Daftari? Maneno juu ya ukomunisti na uanarkisti

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja alasiri katika ukumbi mdogo hapa Mwanga, Kigoma. Walikuwapo vijana wa kikundi cha kusoma, wazee wachache, na akina mama waliokuwa wakipita kwenda sokoni wakaona kuna viti vya bure. Umeme ulikatika katikati, tukaendelea hivyo hivyo. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila nimepunguza pale nilipojirudia.

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana.

Kijana aliyenialika aliniambia, "Mwalimu, njoo utueleze ukomunisti na uanarkisti, ila usitulaze." Nimefundisha Historia miaka mingi, najua mtu anavyosinzia macho yakiwa wazi. Kwa hiyo sitaanza na vitabu. Naanza na Mei Mosi.

Kila mwaka tarehe 1 Mei mnawaona wafanyakazi na fulana zao mpya wakiandamana kuelekea Uwanja wa Lake Tanganyika. Mabango yanapita, mgeni rasmi anapunga mkono, na kila mtu ametega sikio moja: mshahara umepanda au haukupanda? Mgeni rasmi ni nani? Ni Serikali. Sasa niwaambie siku hiyo imetoka wapi. Mwaka 1886, kule Chicago, Marekani, wafanyakazi waligoma kudai siku ya kazi iwe saa nane. Mgomo ulianza tarehe 1 Mei. Tarehe 4 usiku kulikuwa na mkutano wa hadhara, polisi wakaja kuutawanya, mtu akarusha bomu. Aliyelirusha hajulikani hadi leo. Walikamatwa na kushtakiwa waanarkisti wanane, na wengi wao hawakuwa hata pale bomu lilipolipuka. Tarehe 11 Novemba 1887 wanne walinyongwa. Wa tano alikuwa amejiua gerezani siku moja kabla. Mwaka 1893 gavana akawaachia watatu waliobaki, akasema kesi yenyewe haikuwa ya haki. Kabla ya hapo, mwaka 1889, wasoshalisti waliokutana Paris walikuwa wameshaichagua tarehe hiyo kuwa siku ya wafanyakazi wa dunia.

Kwa hiyo kila mwaka Serikali yetu inapokea maandamano ya kuwakumbuka watu waliosema serikali isiwepo kabisa. (Hapa ukumbi ulicheka, na mzee mmoja akasema, "Na posho inalipwa.")

Neno lenyewe, anarkia, ni la Kigiriki: bila mtawala. Magazeti yetu yakilitumia yana maana ya fujo, nchi isiyo na mwenyewe, kila mtu kambale na ndevu zake. Wenyewe waanarkisti hawana maana hiyo hata kidogo. Neno ukomunisti nalo limeteseka. Nilipokuwa mdogo, kwa wengine mkomunisti alikuwa mtu asiyemjua Mungu, kwa wengine alikuwa rafiki aliyetuletea bunduki za ukombozi. Kuna jambo moja watu wengi hawalijui: hakuna nchi hata moja iliyowahi kutangaza kwamba imefika kwenye ukomunisti. Hata Urusi ya Lenin na Stalin ilijiita muungano wa jamhuri za kisoshalisti. Chama kiliitwa cha kikomunisti kwa sababu huko ndiko kilikosema kinaelekea. Ni kama basi lililoandikwa "Dar es Salaam" ubavuni lakini liko Uvinza.

Sasa twende Kibirizi, mwaloni.

Nendeni alfajiri, mitumbwi ikirudi. Vijana watano, sita wamekesha ziwani na taa zao, mikono imebabuka kwa kamba, macho mekundu. Dagaa wanashushwa kwenye mabeseni, akina mama wameshazunguka. Halafu mgao. Kwanza zinatolewa gharama: petroli, taa, chakula. Zinazobaki zinagawanywa: mwenye chombo na wavu anachukua fungu lake, nalo si dogo, na wale waliokesha wanagawana linalosalia. Mwenye chombo alilala nyumbani kwake. Labda yuko Ujiji, labda yuko Dar.

Karl Marx, Mjerumani aliyeishi London, alitumia maisha yake kuuliza swali la asubuhi hiyo ya Kibirizi. Fungu la mwenye chombo limetoka wapi? Wavu hauvui peke yake. Taa haivui. Kilichowatoa dagaa majini ni usiku wa wale vijana, na usiku wao umelipwa chini ya ulichozalisha. Kinachobaki aliita thamani ya ziada. Dereva wa bodaboda hahitaji kusoma Marx kulielewa hili, yeye analiita "hesabu ya bosi". Iwe mvua, liwe jua, hesabu lazima itimie.

Mwenye chombo ana maneno yake pia, tusimwonee. Atakwambia, "Nilikopa. Wavu ukichanika unachanika kwangu. Upepo ukichukua mashine, ninayelia ni mimi." Ni kweli. Marx hakusema kwamba bepari ni mtu mbaya. Alisema utaratibu wenyewe unamlazimisha, maana asipobana yeye atabanwa na mwenye vyombo ishirini. Tuliimba shuleni kwamba ubepari ni unyama, na wimbo ulikuwa mtamu, lakini ulitufanya tutafute mnyama badala ya kuangalia mgao.

Mwaka 1848, yeye na rafiki yake Friedrich Engels walichapisha ilani ya wakomunisti. Miaka minane kabla yake, mwaka 1840, Mfaransa Pierre-Joseph Proudhon alikuwa ameandika kwamba mali ni wizi, na akajiita mwanarkisti waziwazi. Hakuwa na maana kwamba sufuria yako ni ya wizi. Alitenga vitu viwili: kile unachokitumia mwenyewe, shamba unalolima, nyumba unayolala, na kile unachokimiliki ili mwingine akitumie akulipe. Hicho cha pili ndicho alichokiita wizi. Mtu mwenye hati ya viwanja kumi na viwili Gungu ambaye hajawahi kukanyaga hata kimoja, Proudhon alikuwa akimsema yeye.

Hadi hapa mkomunisti na mwanarkisti ni ndugu wa tumbo moja. Wote wanataka siku ambayo hakuna tabaka la wanaokesha na tabaka la wanaolala. Wote, nawaomba mlisikie hili, wanataka mwisho wa safari serikali isiwepo. Engels aliandika kwamba dola, yaani serikali na vyombo vyake, itanyauka yenyewe kama jani lisilo na kazi. Na ile kaulimbiu, kila mtu atoe kwa uwezo wake na apewe kwa mahitaji yake, ambayo Marx aliiandika mwaka 1875, mwanarkisti Kropotkin angeitia sahihi bila kusoma mara mbili. Kropotkin mwenyewe alijiita mkomunisti wa kianarkisti.

Ugomvi uko wapi? Uko Kibirizi palepale. Tumekubaliana chombo kisiwe cha mtu mmoja. Mkomunisti anasema kiwe cha umma. Mwanarkisti anasema kiwe cha wale wanaokipanda. Yanafanana, sivyo? Sasa umma hauna mikono. Lazima apatikane mtu wa kushika daftari la umma: nani kaenda ziwani, nani mgonjwa, mafuta lita ngapi, dagaa ndoo ngapi. Mwenye daftari ndiye nani, na nani anaweza kumnyang'anya?

Mrusi mmoja, Mikhail Bakunin, alilishikilia swali hili mpaka likamfukuzisha. Chama cha kimataifa cha wafanyakazi kilianzishwa London mwaka 1864, na yeye na Marx wakawa humo wote wawili, majogoo wawili katika banda moja. Katika kitabu chake Bakunin alionya hivi: mkimchukua mfanyakazi mkamweka serikalini, tangu siku hiyo si mfanyakazi tena, atawatazama wenzake kutoka juu. Akauliza kwa kejeli, Wajerumani wako kama milioni 40, je, wote watakuwa serikali? Marx alikisoma kitabu hicho akaandika majibu yake pembeni, na hapo jibu lake ni kwamba ndiyo, hakika, kwa sababu jambo lenyewe linaanzia kwenye kujitawala kwa jumuiya. Mimi nikilisoma jibu lile namwona Marx akiwa mwanarkisti kwa sekunde kumi. Lakini wakati huo walikuwa wameshaachana: Septemba 1872, kwenye mkutano wa The Hague, Uholanzi, Bakunin alifukuzwa. Wenzake wakakutana Saint-Imier, Uswisi, mwezi huohuo, wakaanza njia yao. Tangu hapo ndugu hawajakaa sahani moja.

Msimfanye Bakunin mtakatifu. Alihubiri uhuru huku akiunda vyama vya siri ambavyo kamba zake zote alizishika yeye. Na waanarkisti wa baada yake, baadhi yao, waliua: mfalme wa Italia mwaka 1900, rais wa Marekani mwaka 1901. Jina lao baya hawakusingiziwa lote.

Onyo lake lilisubiri miaka karibu hamsini. Lenin, mwaka 1917, akiwa mafichoni, aliandika maneno matamu sana juu ya dola itakavyofifia, na kwamba kila mpishi atajifunza kuiendesha nchi. Kisha akashika nchi yenye njaa na vita. Februari 1921 Kropotkin alifariki, mzee wa miaka 78, aliyekuwa amemwandikia Lenin kupinga kukamata watu mateka. Waanarkisti kadhaa waliofungwa Moscow walitolewa gerezani kwa siku moja wamzike, wakarudi kufungwa jioni. Mwezi uliofuata mabaharia wa Kronstadt, walewale waliosifiwa kuwa fahari ya mapinduzi, walidai mabaraza ya wafanyakazi yachaguliwe upya kwa uhuru. Jeshi Jekundu, jeshi la serikali ya Lenin, lilivuka bahari iliyoganda likawamaliza. Yaliyofuata chini ya Stalin mnayajua: mashamba ya lazima, na njaa ya 1932 na 1933 iliyoua mamilioni. Daftari lilikuwa na mkono mmoja.

Na waanarkisti wakipewa nafasi? Walipata, Hispania, mwaka 1936. Barcelona wafanyakazi waliendesha tramu wenyewe, vijijini Aragon watu waliunganisha mashamba, sehemu nyingine wakafuta pesa. Lakini Novemba mwaka huohuo, katikati ya vita, waanarkisti wanne waliingia kwenye serikali wakawa mawaziri. Wa afya, wa sheria, wa viwanda, wa biashara. Mnacheka. Hata mimi nilicheka, kisha nikajiuliza ningefanya nini Franco, jenerali aliyeiasi serikali, akiwa mlangoni. Mwaka 1939 Franco alishinda wote, wakomunisti na waanarkisti, ambao mwaka 1937 walikuwa wamepata muda wa kupigana risasi wao kwa wao mitaani.

(Hapa ndipo umeme ulipokatika. Tukafungua madirisha.)

Sasa turudi nyumbani, maana Kigoma si mtazamaji katika hadithi hii.

Aprili 1965 mtu mmoja alipita hapa usiku akavuka ziwa kwenda Kongo. Alikuwa Ernesto Che Guevara, aliyekuwa waziri Kuba. Wakuu wa kundi lake walipewa majina ya namba za Kiswahili, Moja, Mbili, Tatu, na yeye mkubwa wao akawa Tatu, ili asitambulike. Che alikuwa mkomunisti wa aina ya wakati ule: kikosi kidogo chenye nidhamu na bunduki kinaweza kuwasha moto, na wanyonge watakuja kuota. Miezi saba baadaye, Novemba, alirudi kwa maji yaleyale akiwa amekonda. Aliyaandika mwenyewe kuwa ni habari ya kushindwa. Humo analalamika makamanda wa Kongo hawatoki Kigoma, wamezama kwenye ulevi na starehe za huku. (Kelele ukumbini.) Basi, mji wetu umeingia kwenye historia ya mapinduzi ya dunia kupitia baa. Lakini kuna jambo zito zaidi aliloliona: wakulima wa ng'ambo hawakuwa na kabaila wa kumchukia. Ardhi walikuwa nayo. Utamwambiaje mtu "nitakupa ardhi" naye amesimama juu yake?

Mwalimu Nyerere alikuwa amelisema hilo kwa njia yake tangu 1962: sisi hatukuwa na matabaka ya Ulaya, ujamaa wetu ni undugu, hautoki kwenye vita vya tabaka na tabaka. Azimio la Arusha likaja tarehe 5 Februari 1967. Mwaka 1968 akaandika kwamba hakuna mtu awezaye kulazimishwa kuingia kijiji cha ujamaa. Shikeni mwaka huo.

Wakati huo, kule Songea, kulikuwa na vijiji vilivyojianzisha vyenyewe, cha kwanza kikiwa Litowa. Vilifika 17 katika umoja wao wa Ruvuma. Walilima pamoja, walipanga kazi mkutanoni, walikuwa na mashine yao ya kusaga na shule yao. Hawakujiita waanarkisti na sidhani kama walilijua neno hilo. Walikuwa vijana wa TANU, na Nyerere aliwasifu. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikauvunja umoja wao, mali zikachukuliwa. Daftari lao lilikuwa halipiti wilayani, na hilo halikuvumilika.

Miaka mitatu baadaye ikawa zamu yetu. Operesheni Kigoma, 1972.

Nilikuwa na miaka tisa. Sisi Buha tulikaa kila nyumba katikati ya migomba yake, jirani unamwita kwa sauti. Asubuhi lori lilikuja na bwana mmoja kutoka wilayani, ameshika daftari kubwa la jalada jeusi. Akaita majina. Bibi yangu alifunga mbegu za maharage kwenye pembe ya kanga, akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na mkungu mchanga ambao hata ndege asingeutaka. Baba akamwambia, "Mama, huo haujakomaa." Akajibu, "Najua." Akapanda nao lorini. Kijiji kipya kilikuwa vigingi na kamba, mistari iliyonyooka, hakuna mgomba hata mmoja. Na mgomba ukiupanda leo, mkungu utauona mwaka kesho. Kwa miezi kadhaa alitembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi kupalilia migomba ya zamani, mpaka siku aliyokuta mbuzi wameshaimaliza.

Sasa niseme upande wa pili, maana nisiposema nitakuwa mwongo. Katika kijiji kile cha vigingi palijengwa shule. Mimi niliingia shule ile. Bila daftari la yule bwana, leo nisingesimama hapa kuwatukania daftari. Bibi yangu alipoteza migomba, mimi nikapata chaki, na hadi leo sijui kuzitia mizani moja. Novemba 1973 kuhamia vijijini kukawa amri kwa nchi nzima.

Mzee wangu wa pale mbele amenyoosha mkono tangu kitambo. Sema, mzee.

(Akasema: "Mwalimu, nchi isiyo na serikali sisi tumeiona. Ilikuja hapa na magodoro kichwani, mwaka 1996, kutoka Kongo. Hao waanarkisti wako wangekaa Kigoma wangeacha.")

Marahaba kwa neno hilo, mzee. Ni hoja nzito kuliko zote za leo. Pale bunduki zinapobaki na serikali inapoondoka, kila mwenye bunduki anakuwa serikali ndogo, isiyo na shule wala zahanati. Hayo si anarkia waliyoitaka akina Kropotkin, lakini ni haki kuwauliza: mtazuiaje? Hawana jibu zuri. Ila nami nikuulize, mzee. Waliovuka mwaka 1972 kutoka Burundi, wengine wakapelekwa Ulyankulu, Tabora, walikimbia nini? Walikimbia serikali kamili, yenye jeshi, mihuri na ofisi zinazofunguliwa saa mbili asubuhi. Ziwa hili limetuletea wakimbizi wa aina zote mbili. (Mzee alitikisa kichwa taratibu. Hakusema kama amekubali.)

Kropotkin aliandika kitabu, mwaka 1902, kuonyesha kwamba wanyama na watu hawaishi kwa kunyang'anyana peke yake, wanaishi pia kwa kusaidiana. Alitoa mifano mingi ya Ulaya na ya wanyama. Angefika hapa ningempeleka kwenye msiba. Mtu anafariki saa sita usiku, saa kumi na mbili asubuhi turubai limesimama, maji yamechotwa, kaburi linachimbwa, mchele umepatikana. Nani ametoa amri? Hakuna mkuu wa wilaya ya kuzikana. Na asiyekwenda kwenye misiba ya wenzake anajua yake itakuwaje. Hapo mwanarkisti anapumua: utaratibu upo, adhabu ipo, mtawala hayupo.

Lakini msiba ni wa siku tatu. Ziwa je? Mwaka 2024 nchi nne zenye Tanganyika zilifunga uvuvi miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Msiba wa kuzikana hauwezi kuwakubalisha watu wa Kalemie, Bujumbura, Mpulungu na Kibirizi waache kuvua siku moja. Hapo naona kazi ya serikali waziwazi. Na papo hapo naona aliyekaa na njaa miezi mitatu si aliyeandika tarehe. Mimi, kama mnataka msimamo wangu, niko mahali pabaya katikati: namwamini Marx kwenye mgao, na Bakunin kwenye daftari.

(Mama mmoja muuza dagaa, beseni lake tupu chini ya kiti, akasimama bila kuomba ruhusa.)

"Mwalimu, mimi sijasoma. Kikundi chetu tuko akina mama kumi na wanane, tunaweka kila wiki. Hatuna serikali. Daftari alishika mwenzetu mmoja, akatoroka na pesa. Hao wa bila mtawala wanasemaje hapo?"

Nikamwuliza, mlikwenda polisi?

"Polisi tufuate nini? Tulikwenda kwa mama yake. Wote kumi na saba. Tukakaa uani."

Mkakaa muda gani?

"Siku mbili. Tunapika hapohapo, kwa mkaa wake."

Pesa zikarudi?

"Nusu," akasema, akaketi. "Na daftari sasa wanashika wawili."